Shubiri Mbili za Ndassa

"Na mimi nakuambia haitoki! Hata nati moja haitoki!"

"Secilia, punguza sauti. Mimi ni shemeji yako, si mtoto wa darasa la tatu."

"Basi usifanye mambo ya darasa la tatu. Mtu anakuja kwangu asubuhi na kamba na mti wa kubebea, anataka nimchemshie uji?"

"Hata shikamoo hukunipa."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Injini inatoka."

Wajumbe wawili wa kamati ya mashine, waliokuja na Bulugu kusaidia kubeba, walitazama chini kama watu waliodondosha sindano. Walikuwa wamesimama uani kwa Ndassa, mume wa Secilia, hapo Kaniha, mbele ya banda la nyasi. Ndani ya banda ilikaa Landrova ya kijani, boneti imeegemezwa ukutani, injini wazi kama kinywa cha mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Bulugu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kaka mkubwa wa Ndassa na mwenyekiti wa kamati ya mashine ya kijiji, na mashine ya kijiji ilikuwa imekufa tangu Pasaka.

"Mawe ya kusagia mazima," alisema, akihesabu kwa vidole. "Mkanda mzima. Nyumba ya mashine tumeiezeka kwa mabati. Injini tu ndiyo imekufa. Wanawake wanabeba mahindi kichwani hadi Lusahunga, na wewe ukiwemo. Hapa kuna injini imekaa miezi minane, kuku wanatagia ndani."

"Kuku mmoja. Mara moja."

"Na juzi umeiwasha, watu wote wakiona. Ilifanyaje?"

Juzi, Alhamisi, injini ilikuwa imenguruma kwa muda wa kusali Baba Yetu mbili, ua mzima ukapiga vigelegele. Kisha mvuke ukachomoza ubavuni kwa mluzi, maji yakatiririka chini, na watu wakarudi majumbani wakizungumza kwa sauti ya chini kama wanaotoka msibani.

"Ilitapika maji," Bulugu alijijibu. "Fundi wa Biharamulo anazo spana zake maalumu, zina mshale wa kupimia. Ataikaza inavyotakiwa, itasaga. Ndassa mwenyewe angekubali."

"Akirudi utamwuliza."

Bulugu alivua kofia, akaivaa tena. Sauti yake ilishuka.

"Shemeji. Orodha ya madereva wa vitani iko ubaoni pale wilayani, wiki ya tatu sasa. Imeandikwa nani yuko hai, nani yuko hospitali gani, nani... Kwa nini hujaenda kusoma?"

"Nitakwenda gari likipona."

"Na lisipopona?"

"Litapona."

"Saa kumi jioni nitarudi," alisema Bulugu. "Nitakuja na watu wanane. Likiwaka na likanywa maji bila kutapika, injini ni yako, sitaigusa tena. Likitapika, tunaibeba. Mkono wangu huu." Akaunyoosha mkono, Secilia akaushika, wakaachana hivyo.

Jeshi lilipopita Novemba mwaka sabini na nane likikusanya magari na madereva wa kwenda vitani, lilifika hadi Kaniha. Landrova ilikuwa wazi siku hiyo. Gasketi, kile kibati cha kuzibia maungio ya injini, ilikuwa imeungua, maji yakaingia kwenye oili, na Ndassa alikuwa amefungua kichwa cha injini, kile mafundi wanachokiita silinda hedi, akakiviringisha ndani ya gunia. Wangekuta gari zima wangechukua gari na dereva. Walikuta gari limefumuliwa, wakachukua dereva peke yake, wakampa lori la watu wengine. Alipanda na shati alilokuwa nalo mwilini na oili mikononi. Alisema neno moja tu, tena kwa kupiga kelele, kwa maana lori lilikuwa limekwisha ondoka: "Usichanganye bolti!"

Bolti hazikuchanganyika. Alikuwa amezichomeka kwenye boksi la sabuni, kila moja kwenye tundu lake na namba yake. Secilia alilihifadhi boksi lile juu ya kabati kama watu wengine wanavyohifadhi picha ya harusi. Mwezi wa tatu alijifungua mtoto wa kike, Odeta, ambaye baba yake hajamwona. Mwezi wa nne redio ilitangaza kwamba Kampala imeanguka, watu wakacheza ngoma barabarani. Mwezi wa tano madereva wa Lusahunga walianza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, wana redio za Uganda mabegani. Kila lori lililoshusha gia kwenye kilima lilimwamsha Secilia kabla ya mtoto. Alijifunza kutofautisha sauti za injini zote zilizopita njia ile. Ile aliyoitaka haikupita.

Basi akachukua daftari la mumewe na kuanza kazi.

Secilia alikuwa mwalimu, amesomea sayansi kimu chuoni, yaani mapishi na mambo ya nyumbani, na aliamini kwamba kitu chochote kilichoandikwa hatua kwa hatua kinaweza kupikwa. Ndassa alikuwa ameandika. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nne, na r na l zilimchanganya kama zinavyowachanganya wengi, lakini aliandika kila kitu. "Valvu zisugue mpaka zing'ale." Hakukuwa na dawa ya kusugulia valvu, hivyo Secilia alitwanga chupa kwenye kinu kibovu, akachekecha unga wake kwa kipande cha kitenge, akauchanganya na oili, akasugua kila valvu kwenye kiti chake kwa kijiti kilichofungwa kipande cha malapa. Kisha akamwaga mafuta ya taa juu kuona kama yanavuja. Zilizovuja alizirudia. Springi za valvu zinahitaji kifaa cha kuzibana. Yeye alikata meno kwenye kipande cha bomba, akamkalisha juu yake wifi yake Nshoma, dada mkubwa wa Ndassa, mjane mwenye mwili wa kutosha, akachomeka vibanio kwa kidole kilichopakwa grisi.

"Kalia, wifi. Usicheke. Ukicheka inaruka."

"Nimezaa watoto saba, sijawahi kukalia chuma."

Gasketi mpya haikupatikana Biharamulo wala Ngara. Ile ya akiba ya Ndassa ilikuwa ya shaba, imekwisha tumika mara moja. Aliipasha kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji ikalainika, kama daftari lilivyosema.

Na kukaza? Hapo ndipo spana yenye mshale inapotakiwa, maana silinda hedi haikazwi kwa kubahatisha. Ukilegeza inavuja, ukizidisha bolti inakatika ndani ya injini na hapo kilio. Ndassa hakuwa na spana ya namna hiyo. Alikuwa na njia yake: unavika spana kwenye bolti, unaichomeka ndani ya nondo yenye tundu, nondo inalala sawasawa kama mkono wa mizani, kisha unaning'iniza debe la maji. Nondo ikishuka yenyewe, bado. Debe likining'inia bila kushuka, imetosha. Daftari lilisema: "Debe la maji limejaa. Shubili mbili toka kwenye borti. Usikaze na hasila."

Secilia alifuata neno kwa neno. Debe alilijaza mpaka ukingoni. Akapima shubiri mbili, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, mara mbili, akatia alama ya mkaa. Alikaza bolti zote kwa utaratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Na juzi injini ikatapika.

Sasa, Bulugu alipokwisha ondoka na mti wake, aliketi kwenye kigoda mbele ya injini, daftari magotini, akasoma ukurasa ule kwa mara ya ishirini. Jua lilikuwa limepanda. Nshoma alitoka ndani na Odeta mgongoni.

"Umekula?"

"Bado."

"Na hicho unachosoma kimebadilika tangu jana?"

"Wifi, nimefanya kila kitu kilichoandikwa. Kila kitu. Debe la maji, nimejaza. Shubiri mbili, nimepima." Akanyoosha kiganja juu ya nondo kuonyesha, vidole vimetanuka mpaka vikatetemeka. "Moja. Mbili."

Nshoma alikitazama kile kiganja. Kisha akacheka kidogo, puani.

"Shubiri ya nani?"

"Ya nani namna gani?"

"Ndassa akiandika shubiri, anaandika ya nani? Ya mwalimu Secilia?"

Secilia alibaki ameukodolea macho mkono wake. Mwanamke aliyegombeza wanawake wa kijiji kizima wanaopima unga kwa kiganja badala ya kikombe! Aliyewaandikia ubaoni kwamba mkono si kipimo! Alikuwa amekaza injini nzima kwa mkono mfupi. Ndassa alikuwa na mikono ya kushika usukani wa lori. Shubiri yake moja ingeimeza yake na kubakiza.

"Mungu wangu," alisema. "Ni yake, na yeye hayupo."

Walijaribu kufikiri. Nshoma alitaja mkono wa Bulugu, baba mmoja, mama mmoja, lakini yeye mwenyewe akaukataa. "Bulugu ana mikono ya mamba. Mifupi, halafu haiachii kitu." Walitoa mashati ya Ndassa kwenye sanduku. Shati linasema urefu wa mkono, halisemi upana wa kiganja. Secilia alilishika shati la bluu muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kupima, akalikunja, akalirudisha. Kukisia hakutaka. Bolti moja ikikatika, basi tena, hata fundi wa Biharamulo na mshale wake asingeitoa.

Kisha Nshoma aliona uso wake ukibadilika, ukawa kama wa msichana aliyekamatwa na barua.

"Nini?"

"Hapana."

"Secilia, saa kumi haitungoji."

"Wifi, naijua. Shubiri yake. Ninayo."

"Iko wapi?"

Secilia alitazama kando, akaelekeza kidole nyuma ya bega lake. Alipokuwa mtoto mdogo aliugua kichomi, bibi yake akamchanja chale mgongoni, mbili, moja kila upande, na zikabaki kama punje mbili za mtama. Ndassa, usiku wa kwanza walipooana, aliweka dole gumba kwenye chale moja na kidole kidogo kikafika kwenye ya pili, barabara, hakikuzidi hakikupungua. Tangu hapo, kila aliporudi safari, kabla ya kuuliza habari za nyumbani wala mvua, alikuwa akimpima. "Haya," angesema gizani, "sijaibiwa kitu." Miaka tisa. Tangu Novemba hakuna aliyempima.

Hayo yote aliyasema kwa maneno kama kumi, tena kwa kuyameza.

Nshoma alipiga makofi. "Yesu na Maria! Mambo hayo mimi dada mtu ndiyo niyasikie?"

"Si umeuliza?"

"Nimeuliza habari za injini!" Lakini alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamshuka. Alichomoa uzi kwenye kitenge chake. "Ingia ndani. Vua blauzi. Simama wima kama unaapishwa."

Ndani ya nyumba kulikuwa na ubaridi. Secilia alisimama akilitazama dirisha, mgongo wazi. Akahisi dole gumba la wifi yake kwenye chale ya kwanza, kavu, gumu kidogo, na uzi ukivutwa juu ya ngozi. Alifumba macho. Hakuwa amejua mpaka dakika ile kwamba mgongo nao unaweza kuwa na njaa. Mate yalimjaa kinywani kama anayesikia harufu ya nyama kwa jirani. Angependa Nshoma acheleweshe. Nshoma alichelewesha kidogo.

"Na kama umenenepa? Umezaa juzijuzi."

"Mgongo haunenepi, wifi. Pima."

"Nimepima." Uzi ukafungwa fundo. "Mkono wa baba yetu huu. Nilipigwa nao."

Walipolaza uzi ule mara mbili juu ya nondo, alama mpya ilikaa mbali na ya zamani kwa upana wa vidole vinne. Secilia alichora mstari wa mkaa, akaujazia mara ya pili usifutike.

Walilegeza bolti zote, wakaanza upya. Mzunguko wa kwanza kwa robo debe, wa pili kwa nusu, wa tatu kwa debe zima. Nshoma alimwekea mtoto mkeka, akaning'iniza debe, Secilia akaishika nondo na kusikiliza. Bolti ilipokuwa bado, nondo ilishuka kwa mlio mdogo wa kulalamika. Alipandisha spana, akaivika tena, wakaning'iniza. Ilishuka. Tena. Ikakaa. Maji ndani ya debe yakatulia mpaka yakaonyesha nyasi za banda.

"Moja," alisema.

Zilikuwa kumi na nane. Bolti ya kumi na mbili ililia kwa sauti nyingine, kali, naye akasimama na nondo mkononi, hajui kama ni bolti inayokaa au inayokatika. Alikumbuka hasila isiyotakiwa. Akavuta pumzi, akamwambia Nshoma aachie debe polepole. Ikakaa. Akafuta mikono kwenye sketi ya shule ambayo haingefaa tena kwa shule. Walirudisha mipira ya maji, wakaifunga kwa waya na vipande vya tyubu ya baiskeli. Wakajaza rejeta. Oili ilikuwa ile ile, imechujwa kwa kitambaa mara mbili. Petroli ilikuwa galoni nne za Ndassa, zilizolala chini ya kitanda tangu vita ianze, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na panya.

Betri ilikuwa na nguvu ya cheche tu. Kuzungusha ilikuwa kazi ya hendeli, na hendeli ilikuwa kazi ya wanawake wawili. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ilipiga chafya. Mara ya tatu hendeli ilirudi kwa nguvu, ikampiga Nshoma kifundo cha mkono, akaitukana kwa Kisukuma matusi ambayo hayaandikiki. Mara ya nne ikashika.

Ikanguruma. Banda likatetemeka, mavumbi ya nyasi yakawaangukia kichwani. Odeta akaamka, akaitazama ile sauti kwa macho makubwa wala hakulia. Secilia aliinamia ubavu wa injini, sikio karibu kabisa, akingoja mluzi. Alisali Baba Yetu mbili. Akasali ya tatu. Aliweka kiganja kwenye maungio: pakavu. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa: maji yalikuwa yanazunguka kwa utulivu, hakuna povu, hakuna mapovu ya hewa. Akasali ya nne kwa tabia tu.

Bulugu alifika kabla ya saa kumi. Alikuwa ameisikia tangu kwenye shamba la pamba la kijiji, na watu wake wanane walikuwa wameacha miti yao njiani. Alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi. Aliinama, akachungulia ubavu uliotapika juzi. Akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Pakavu," alisema.

"Pakavu."

"Umeipimaje?"

"Kwa kipimo chake," alisema Nshoma haraka. "Usiulize zaidi, utaaibika."

Watu wakacheka. Bulugu naye alitabasamu, kisha tabasamu likaisha, na wote wawili, yeye na shemeji yake, wakajikuta wanatazamana juu ya injini inayounguruma, hakuna kitu kingine cha kutengeneza.

"Ulisema likipona utakwenda ubaoni," alisema Nshoma polepole.

Secilia alichukua kitambaa, akaanza kufuta silinda hedi iliyokuwa safi. Alifuta kona moja mara tatu. Kulikuwa na taa moja haiwaki, alisema. Breki ya nyuma ilihitaji kutazamwa. Na kesho ni Jumapili, labda Jumatatu, baada ya shule...

"Mimi nilikwenda," alisema Bulugu.

Kitambaa kikasimama.

"Wiki iliyopita, nilipopeleka barua ya mashine. Nilifika mpaka ubaoni. Karatasi tatu, zimepigwa taipu. Ninacho cheti cha elimu ya watu wazima, nasoma gazeti, unajua. Nilisoma A. Nilisoma B. Nikafika M. Nikageuka. Nikapanda baiskeli. Maili zote zile nikajiambia tuchukue injini, tuanze kusaga, mambo yaishe. Kwa sababu ile Landrova ikikaa pale banda wazi, kila nikipita naona kama anakuja kuifunga."

Injini iliendelea kunguruma. Secilia alimtazama shemeji yake, mikono ile mifupi imeikunja kofia, akaona kwamba miezi yote minane walikuwa wamegombania chuma ili wasigombane na karatasi. Akajua pia kwamba akiizima sasa, ataiacha izimike. Kesho atakuta kuna taa, Jumatatu kuna breki, na mwezi wa nane bado atakuwa anafuta.

Alitupa kitambaa. Akachukua boneti ukutani, akaiweka mahali pake, akaifunga kwa kamba ileile ambayo Bulugu aliiacha uani asubuhi.

"Ubao uko nje au ndani ya ofisi?"

"Nje. Ukutani, chini ya baraza."

"Basi hatuhitaji karani. Wifi, nipe mtoto, panda nyuma. Shemeji, panda mbele."

"Sasa hivi? Unajua kuendesha?"

"Alinifundisha uwanja wa mpira. Mpaka gia ya pili."

"Biharamulo kwa gia ya pili?"

"Ya tatu tutaitafuta njiani. Panda."

"Na mashine?" aliuliza mmoja wa wajumbe, kwa unyonge.

"Nikirudi nitajua injini hii ina mwenyewe au haina, ndipo tuzungumze. Ondoa mguu wako kwenye tairi."

Bulugu alipanda. Nshoma alipanda nyuma na kifundo chake kilichovimba, akampokea Odeta. Secilia alikaa kwenye kiti ambacho kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine, akasogea mbele mpaka miguu ikafika. Alikanyaga klachi, akavuta gia, ikakwaruza, ikaingia. Landrova iliruka mara moja kama mbuzi, watu wakakimbia huku na huku, kisha ikatulia, ikatoka bandani, ikapita kati ya mihogo na nyumba ya mashine.

Barabarani aliwasha taa moja mchana kweupe, akageuza usukani kuelekea Lusahunga na Biharamulo.

"Herufi N nasoma mimi," alisema. "Wewe shika mlango, komeo lake bovu."